Aliyening'inia na Mfyekaji

Niseme mapema kabisa: mimi si mwongo wa kila siku. Nimeshona nguo za watu miaka kumi na moja na sijawahi kumwambia mteja gauni liko tayari wakati hata kitambaa hakijakatwa, jambo ambalo mafundi wenzangu wanalifanya kabla hawajanywa chai. Nilidanganya mara moja tu, Jumatatu moja mchana, kwa maneno matatu, na maneno hayo matatu yalinitoa kijasho mpaka Alhamisi.

Chumba chetu ni kimoja, kimegawanywa kwa pazia. Mbele, upande wa barabara, kuna cherehani yangu, meza ya kukatia na kioo kirefu chenye ufa kwa chini, kwa hiyo kila mteja anajiona na kifundo cha mguu kilichovunjika. Nyuma ya pazia kuna meza ya duara ya Shangazi na viti viwili. Mbele watu wanakuja kupunguza kiuno, nyuma wanakuja kuuliza kama mume atarudi. Wengi wanamaliza yote kwa safari moja.

Shangazi, dada yake marehemu baba, anasoma karata za taroti, zile za picha za kutabiria. Alizipata ujanani alipokuwa akifanya usafi kwenye nyumba ya wageni. Mgeni mmoja alizisahau chini ya mto, hakurudi kuzichukua, na Shangazi naye hakumkimbilia. Hakuna aliyemfundisha majina, akayatunga mwenyewe. Yule mtu aliyetundikwa kwa mguu mmoja, kichwa chini, akamwita Aliyening'inia. Ile mifupa mitupu yenye mundu mrefu akaiita Mfyekaji. Jua akaliita Jua, maana hapo hata yeye hakuona pa kuzunguka.

Kisha akajiwekea sharti moja ambalo hajalivunja hata siku moja: karata husomwa mbili mbili. Anasema kusoma karata moja ni kama kusikiliza ugomvi wa ndoa upande wa mke peke yake. Ya kushoto inaeleza hali ya mtu, ya kulia inaeleza kinachomjia huyo mtu, na maana yenyewe haiko kwenye yoyote kati ya hizo, iko katikati, pale kwenye kitambaa cha meza. Nimemshuhudia akichukua karata mbili tamu kabisa akazitolea talaka. Nimemshuhudia akichukua mbili za kutisha, mteja akatoka hapo anacheka peke yake barabarani.

Sasa nitoe siri, kwa kuwa imeshatoka. Macho ya Shangazi yote mawili yana mtoto wa jicho. Anaona mwanga, anaona mtu ameingia, anaona kama mtu huyo ni mnene. Karata hazioni. Hospitali amekataa katakata, hataki mtu amkaribie usoni na kisu. Kwa hiyo tulibuni mtindo wetu. Mteja akishakata na karata mbili zikalala mezani, Shangazi anaita, "Anayetaja aje." Naacha cherehani, naingia, natazama, nataja majina kwa sauti, narudi zangu. Wateja wameambiwa kwamba anayesoma haruhusiwi kutaja, kwamba ndivyo karata zinavyotaka. Wanalipenda sana hilo. Wanajiona wamehudumiwa na ofisi nzima.

Miaka minne nilitaja kilichokuwepo, kizuri au kibaya. Nilikuwa macho ya Shangazi na nilijivunia kazi hiyo.

Shida ilianzia ng'ambo ya barabara. Mkabala na mlango wangu kuna kibanda cha Fundi Saa. Ni mtu mpole, ana vidole virefu, na mchana kutwa amebana kile kioo cha kukuzia jichoni, kiasi kwamba akikitoa unabaki mduara kama amepigwa ngumi. Neno lake kubwa ni "bado kidogo". Mpelekee saa leo, mwulize wiki ijayo, bado kidogo. Mwenye bucha alimpelekea saa ya ukutani, ikakaa huko mpaka bucha yenyewe ikahamia barabara ya pili.

Ninampenda. Sina haja ya kupiga kona katika hilo. Miaka miwili amekuwa akivuka barabara saa saba mchana na kikombe chake mkononi, tunakaa kwenye benchi langu, ananiuliza nimeamkaje kama vile amengoja jibu tangu alfajiri. Nimemshonea mashati manne. Lakini kila nilipogusia ndoa alishusha kikombe, akatazama viatu vyake, akasema, "Mama bado."

Mama yake ni mwalimu mkuu mstaafu, na mtaa mzima humwita Mwalimu. Amefundisha nusu ya watu wanaopita pale. Kuna mzee mwenye upara na wajukuu sita ambaye akimwona kwa mbali anatupa sigara. Basi nikaelewa kwamba mwanamke huyo ndiye aliyenikalia kooni. Nilikuwa nimemsalimia mara mbili tu maishani mwangu na tayari nilikuwa na ugomvi naye wa miaka miwili, wa upande mmoja, nikiuendesha mwenyewe huku nikipiga pasi. Nilikuwa na miaka thelathini na minne. Nilishakata kauli: mwaka ukiisha Mwalimu hajakubali, nafunga cherehani yangu kwenye gunia, nahamia kwa kaka yangu, na Fundi Saa abaki na mashati yake.

Jumatatu hiyo Mwalimu aliingia mwenyewe.

"Shikamoo, Mwalimu," nikasema, na pini tatu mdomoni.

"Marahaba. Toa hizo pini kabla hujazimeza. Sikuja kushona."

Alikuwa na miwani minene, ya kioo kama kitako cha chupa. Alinitazama kuanzia kichwani hadi miguuni bila haraka, akatazama mashati yaliyotundikwa ukutani, akaigusa kola ya mojawapo, kisha akapita nyuma ya pazia. Nikakaa kwenye cherehani nikakanyaga pedali bila uzi, ili ionekane nafanya kazi.

Nilisikia Shangazi akimkaribisha. Nilisikia kiti kikilia. Halafu Mwalimu akasema, kwa ile sauti ya kutangaza matokeo, "Nina mwana wa kiume. Nataka kujua kitu kimoja. Aoe au asioe?"

Niliiacha pedali. Nikasogea kwenye mwanya wa pazia. Shangazi alichanga karata, Mwalimu akakata. Kisha nikamwona akivua ile miwani, akaikunja, akaiweka kwenye mkebe wake, mkebe akautia kwenye mkoba, mkoba akaufunga.

"Anayetaja aje," Shangazi akaita.

Nikaingia. Kushoto, Aliyening'inia. Kulia, Mfyekaji.

Jamani. Mtu kichwa chini, na pembeni yake mifupa yenye mundu. Mama anauliza kama mwanawe aoe, unamletea hayo? Nilimtazama Shangazi, macho yake meupe yameelekea dirishani. Nilimtazama Mwalimu, ameinamia karata, uso wake mtupu bila miwani, alama mbili nyekundu puani. Mmoja haoni na mwingine ameyafungia macho yake mkobani. Kama kuna siku mtu anapewa nafasi na dunia nzima, basi ni ile.

"Jua," nikasema, "na Wapendanao."

Shangazi alikuwa ameweka kidole gumba juu ya karata ya kulia. Kilipita kwenye kona yake mara moja, kikarudi, kikatulia. Halafu akasoma, na nakiri alisoma vizuri mno. Alisema Jua ni la mtu ambaye amekaa kivulini muda mrefu. Alisema kwenye Wapendanao kuna kijana amesimama kati ya wanawake wawili, na jua likishamwangazia hawezi tena kujifanya hawaoni, lazima amchague mmoja. Nilisimama pale mlangoni natabasamu kama mjinga. Nilijua yule wa kwanza ni mama yake. Wa pili nilikuwa nimemvalisha viatu vyangu.

"Wanawake wawili," Mwalimu akasema polepole.

"Wawili," Shangazi akasema.

"Basi nimeelewa." Akachukua mkoba wake. "Kuna binti wa mwenye duka la vioo. Nilikuwa nasitasita juu yake, kumbe yeye ndiye anayeangaziwa. Wiki hii hii nakwenda kwao."

Nilikuwa nimeshika sindano. Sijui iliingiaje kidoleni, lakini iliingia.

Shangazi hakushtuka. "Ngoja kwanza, Mwalimu," akasema. "Karata njema kiasi hiki hazikamilishwi na mama peke yake. Mlete kijana Alhamisi aje akate mwenyewe. Ukishafanya hivyo, nenda unakotaka."

"Alhamisi," Mwalimu akakubali. Akavaa miwani yake, akanitazama tena, safari hii kwa muda mrefu zaidi, akaenda zake. Nami nilibaki nanyonya damu ya kidole. Nilikuwa nimeula wa chuya. Nimedanganya kwa faida ya mwanamke mwingine.

Jumanne asubuhi nilikwenda duka la vioo. Nilijisingizia nataka kubadilisha kioo changu chenye ufa. Nyuma ya kaunta alikuwepo mwanamke mrefu mwenye shingo ya kupigia picha, anakata kioo kwa kalamu ya almasi bila hata kuuma mdomo, halafu anacheka na wateja. Nilimchukia hapo hapo, mzimamzima. Aliniuliza vipimo vya kioo nikamwambia nimevisahau. Mimi, fundi wa nguo, nimesahau vipimo. Nikatoka nikajigonga kwenye mlango, nao ulikuwa wa kioo.

Saa saba Fundi Saa akavuka barabara na kikombe chake.

"Nina kazi," nikamwambia.

"Kuna nini?"

"Kaulize kwenu."

Akashusha kikombe. "Mama amesema nini?" akauliza. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyekutwa jikoni na kifuniko cha sufuria mkononi. Nikajua ni hatia ya yule wa vioo, kumbe anamfahamu, kumbe wamekwisha kuonana. Nikageukia cherehani nikashona mkono wa blauzi nje ndani, mstari mzuri, ulionyooka kabisa. Ilinichukua jioni nzima kuufumua.

Jumatano Shangazi aliniita tunywe chai. Alikuwa anapanga karata zake kwenye kitambaa, anazipapasa moja moja.

"Mwanangu," akasema, "hebu nipe mkono wako." Akanishikisha kona ya karata moja. Ilikuwa imekunjika, laini kama sikio la paka. "Unaijua hii?"

"Hapana."

"Mfyekaji. Kila mteja akimwona anamfinya hapo kwa hofu. Miaka thelathini wanamfinya pale pale. Sasa niambie, wale Wapendanao ulionitajia Jumatatu, tangu lini wakawa na sikio?"

Nikamwaga yote. Nililia kidogo, sitaficha, na nililia zaidi nilipofika kwa yule mwenye shingo. Shangazi alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akacheka hadi akapaliwa, nikalazimika kumpiga mgongoni, na nilimpiga kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

"Sasa nisomee za kweli," nikamwambia. "Aliyening'inia na Mfyekaji pamoja maana yake nini? Anakufa? Naachwa?"

"Za Mwalimu nitamsomea Mwalimu. Wewe kesho utataja kinachoonekana mezani. Hata kikiwa nini."

"Na kama kikinimaliza?"

"Kitakumaliza ukiwa mkweli," akasema, akaendelea na chai yake. Nilitaka kumwaga ile chai dirishani. Lakini yeye ndiye aliyenilea, na macho yake nilikuwa nimeyachezea mbele ya mgeni. Nikamwahidi.

Alhamisi walifika saa nne kamili. Fundi Saa alikuwa amevaa shati langu, lile la mistari, na hakuwa na pa kuweka mikono. Mwalimu akakaa. Akavua miwani, akaikunja, mkebe, mkoba. Nilikuwa nimesimama karibu na pazia.

Shangazi akamnyooshea kijana karata ili akate. Mwalimu akazichukua yeye.

Alizishika karibu kabisa na pua yake, akaanza kuzipitia kwa kidole, haraka haraka, kama anasahihisha madaftari ya darasa zima. Akachomoa moja, akaiweka kushoto. Akachomoa nyingine, akaiweka kulia. Akanyoosha kingo zake zikae sawa.

"Binti," akasema, "njoo utaje."

Aliyening'inia. Mfyekaji. Sikio lake limekunjika vile vile.

Nilitazama karata, nikatazama uso wake, nikatazama ule mkoba uliofungwa, ndipo nikaelewa. Ile miwani ilikuwa ya mbali. Bila hiyo Mwalimu haoni basi linalokuja, lakini ukimpa kitabu anavua miwani na kusoma hata yale maandishi madogo ya ukurasa wa mwisho. Wako watu wengi wa namna hiyo, nimewapima nguo, nimewaona kwa macho yangu wakivua miwani ili wakague pindo. Na mimi Jumatatu nilimwona akivua nikajua nimempata kipofu wa pili. Mwanamke yule alikuwa ameinamia mifupa mitupu yenye mundu, pua karibu iiguse, anaiona hadi idadi ya mbavu, huku mimi nikimtangazia Wapendanao.

Ningeweza kukimbia. Mlango ulikuwa wazi. Badala yake nikataja.

"Aliyening'inia," nikasema, "na Mfyekaji. Ndizo zilezile za Jumatatu. Nilidanganya, Mwalimu. Shangazi hakunituma. Macho yake hayaoni karata, mimi ndiye ninayemtajia, na siku ile nilimtajia ninachotaka mimi. Namtaka mwanao. Miaka miwili namngoja, na miaka miwili wewe unakataa. Basi, nimesema."

Fundi Saa alitoa sauti ndogo kama saa inayotaka kugonga ikaghairi.

"Mimi nakataa?" Mwalimu akauliza.

"Karata kwanza," Shangazi akasema. "Zimesubiri tangu Jumatatu. Kijana, sogea."

Akaweka kidole kwenye ya kushoto. "Huyu watu wanadhani ameadhibiwa. Mama, wewe una macho, mtazame usoni. Analia?"

"Hapana," Mwalimu akasema. "Ametulia."

"Mikono yake?"

"Nyuma ya mgongo."

"Imefungwa?"

Mwalimu akaisogeza karata puani. "Siioni kamba."

"Hakuna. Kamba iko mguuni tu, fundo moja. Angejikunja akalifungua wakati wowote. Huyu mtu amejitundika mwenyewe, na anapapenda, kwa sababu kule juu hakuna anayemwuliza chochote." Akahamisha kidole kwenye ile kona laini. "Huyu wa pili akija peke yake mnamkimbia wote, nami siwalaumu. Lakini leo hakuja peke yake. Mwekeni karibu na kamba. Ana nini mkononi?"

"Mundu."

"Basi. Mtu amening'inia, na mwenye mundu anakuja. Hafi mtu hapo. Kinachokatwa ni kamba. Uliuliza aoe au asioe, Mwalimu. Karata zinasema ashuke kwanza."

Nilisimama pale nikihisi hasira na aibu vinasukumana mlangoni. Kumbe karata zilikuwa zangu. Tangu Jumatatu zilikuwa upande wangu, na mimi ndiye niliyezifukuza nikaita nyingine.

Mwalimu alimgeukia mwanawe. Hakupandisha sauti. Nadhani angepandisha ingekuwa nafuu.

"Mimi nimemkataa nani?"

Fundi Saa akatazama viatu vyake.

"Nilikuuliza mwaka jana nani anakushonea mashati, kola zimelala vizuri hivi. Ukasema fundi mmoja. Nilikuuliza mwaka huu, huna mtu? Ukasema bado kidogo. Jumatatu nikaona nije nimtafute mwenye hizo kola mwenyewe. Hebu mweleze huyu binti ni lini uliniuliza nikakataa."

"Sijakuuliza," akasema.

"Sema asikie."

"Sijamwuliza Mama." Sasa alikuwa ananitazama mimi. "Hata mara moja. Niliogopa."

"Uliogopa nitakataa?" Mwalimu akauliza.

"Niliogopa utakubali."

Miaka miwili nilimchukia mwanamke huyu nikipiga pasi, nikimjibu kwa sauti nikiwa peke yangu, na yeye alikuwa kwao anajiuliza ni nani anayejua kulaza kola. Uongo wangu wa maneno matatu niliuona mdogo kama kifungo cha mkono. Wa mwenzangu ulikuwa na maneno mawili tu, "Mama bado", na ulikuwa umekula miaka miwili ya maisha yangu. Nilitaka kumrushia mkasi. Tena ule mkubwa.

"Na binti wa vioo?" nikauliza, maana nilikuwa bado na deni hilo moyoni.

"Mwenye duka la vioo hana binti," Mwalimu akasema. "Ana watoto wa kiume wawili, wote niliwafundisha, wote wazito wa hesabu. Ulinisomea uongo mbele ya macho yangu, nami nikakusomea wangu. Nilitaka kuona utafanya uso gani."

"Mimi nimemwona. Mwenye shingo."

"Huyo mkewe."

Shangazi alikuwa ameficha uso kwenye kitambaa cha meza, mabega yanamtikisika.

Ndipo Fundi Saa akasimama. Niseme haki yake, alisimama bila kusukumwa. Alikwenda mbele ya mama yake akasema kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kibandani, "Mama, nataka kumwoa fundi huyu. Nilipaswa kukwambia zamani."

"Siolewi mimi," Mwalimu akasema, akifungua mkoba kutafuta miwani yake. "Mwulize yeye."

Akageuka. Alama ya kile kioo cha kukuzia ilikuwa bado inaonekana kuzunguka jicho lake. Akaniuliza, mbele ya mama yake na shangazi yangu, kwa maneno yaliyonyooka, kama nitakubali anioe.

Nilikuwa nimeliandaa jibu la swali hilo kwa miaka miwili. Nilikuwa nalo tayari, limepigwa pasi, limekunjwa. Nilimtazama akiwa ndani ya shati langu la mistari, anangoja, jasho linamtoka kwenye nyusi, na nilimpenda kiasi cha kuumwa.

"Bado kidogo," nikamwambia.

Nikarudi kwenye cherehani yangu nikakanyaga pedali. Nilisikia Mwalimu akicheka nyuma ya pazia, na kicheko chake, kwa mtu wa sifa zile, ni chembamba kama cha msichana.

Nilimning'iniza siku tano. Nilimwambia jibu litatoka siku saa ya mwenye bucha itakapogonga ukutani kwake. Siku ya tano nilimwona akifunga kibanda mchana kweupe, amebeba lile lisaa kifuani kama mtoto mchanga, anavuka kwenda barabara ya pili. Mtaa mzima ulitoka kumtazama. Alirudi mikono mitupu, akaja akasimama mbele ya meza yangu ya kukatia, nikamwambia ndiyo kabla hajafungua mdomo, maana nami uvumilivu ulikuwa umenishinda.

Sasa asubuhi ninashonea nyumbani kwetu, na mchana ndipo nakuja kwenye chumba cha Shangazi, kwa hiyo Shangazi alihitaji anayetaja mwingine. Kazi hiyo ameichukua mama mkwe wangu. Anavua miwani, mkebe, mkoba, anasogeza karata puani, anataja kwa sauti ya kutangaza matokeo, na wateja wanakaa wima. Siku ya kwanza alinitangazia mbele ya watu kwamba katika meza ile hautatajwa uongo tena.

Juzi nilikuwa natia uzi kwenye sindano akaja mjane mmoja, kijana bado, amevimba macho. Aliuliza kama atapata tena siku ya kuamka bila kulia. Alikata. Niliinuka nikachungulia kwenye mwanya wa pazia, mazoea tu. Upande wa kulia niliona ile kona, imekunjika, laini.

Mwalimu alizisogeza karata usoni. Alizitazama kwa muda mrefu.

"Nyota," akasema, "na Jua."

Kidole gumba cha Shangazi kilipita juu ya kona mara moja, kikarudi, kikatulia. Kisha akaanza kumsomea yule mjane Jua.